Tunacheka pamoja na nani? Kuangalia filamu ya wezi na vijana wa Fizi na Baraka

Swali hili linarudi karibu kila mara wazazi na viongozi wa vijana wanapokutana katika makanisa yetu ya kando ya ziwa: je, ni vema vijana waangalie filamu zinazowachekesha kwa mambo ya wizi na bunduki? Jibu hutoka haraka. Mmoja anasema filamu ya wezi inafundisha wizi, maneno yamekwisha. Mwingine anasema ni mchezo tu, vijana wamechoka na shida, waache wacheke. Sisi tunaona wote wawili wamehukumu chungu kwa kuangalia kifuniko.

Na kwetu jambo hili si dogo. Kijana wa mji wenye amani anaweza kumwangalia jambazi kwenye skrini, akacheka, akaenda kulala. Kijana wa Fizi amekulia mahali ambapo mtu mwenye bunduki ana jina na kijiji alichotoka, na pengine ni mtoto wa shangazi yake. Makundi ya msituni hayamwiti kijana kwa hotuba peke yake. Mara nyingi huanza na urafiki, utani, sigara moja ya kugawana na jina jipya la kupanga. Bunduki inakuja nyuma. Kwa hiyo tunapouliza filamu ya kuchekesha inamfanyia nini mtazamaji, tunauliza pia jinsi kicheko kinavyoweza kumvuta mtu aingie mahali ambapo hakukusudia kuingia.

Tumeamua kufungua filamu moja polepole, kama mama anavyopasua samaki kabla ya kumtia chumvi, tukiangalia mambo matatu: ni filamu ya aina gani, wahusika wake wametengenezwaje, na watazamaji wake ni akina nani.

Filamu yenyewe ni Nairobi Half Life, ya mwaka 2012, iliyoongozwa na Mkenya David Tosh Gitonga. Jina lake la Kiingereza linaongea juu ya maisha nusu, maisha yaliyokatwa vipande viwili. Watu wake wanasema Kiswahili, Sheng, Kikuyu na Kiingereza kidogo. Ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kupelekwa kuwania tuzo ya Oscar katika kundi la filamu za lugha za kigeni, na mchezaji wake mkuu, Joseph Wairimu, alipata tuzo ya mwigizaji bora kwenye tamasha la filamu la Durban, Afrika ya Kusini, mwaka huohuo wa 2012. Tuseme mapema kwa wazazi na wachungaji: si filamu ya watoto. Ina matusi, ina umalaya, ina damu. Hatuipendekezi kwa shule ya Jumapili.

Hadithi yake ni hii. Mwas ni kijana wa kijijini anayeuza filamu za mapigano za Wazungu. Ili wateja wanunue, anaziigiza mbele yao, anaruka, anapiga kelele, anakufa na kufufuka hapo hapo barabarani. Ndoto yake ni kuwa mwigizaji. Kundi la maigizo kutoka Nairobi linapita kwao, na mmoja wao anamwambia atamsaidia kupata nafasi, lakini kwa pesa. Mwas anatoa nusu, nusu nyingine aende nayo mjini. Binamu yake, ambaye ni mkubwa wa genge, anamkabidhi vyombo vya redio na pesa apeleke kwenye duka moja la Nairobi. Siku ya kwanza tu mjini ananyang'anywa vyote. Kisha yeye aliyeibiwa ndiye anayekamatwa na kufungwa. Huko mahabusu anakutana na Oti, mwizi mwenye moyo mkubwa, na kwa njia hiyo anaingia katika genge linaloiba vipuri vya magari. Wakati huohuo anapata nafasi katika mchezo wa jukwaani wa kundi la Phoenix. Mchana anafanya mazoezi ya kuigiza na watu wa mjini wenye uwezo, saa nyingine yuko na wezi.

Sasa tuanze na aina. Aina ya filamu ni ahadi. Hapa Baraka watu hawasemi maneno ya wataalamu, lakini kila mtu anayeingia kwenye chumba cha video anajua anachouliza mlangoni: ni ya vita, ya Kihindi, ya kuchekesha, ya karate, ya mapenzi? Ukiambiwa ni ya kuchekesha halafu mtoto afe ndani yake, utadai pesa yako. Filamu ya uhalifu inamwahidi mtazamaji kwamba kuna jambo baya litafanyika na yeye atakaa akijiuliza kama mtu huyu atakamatwa. Filamu ya kuchekesha inamwahidi kwamba mtu ataingia katika aibu na matata, na yeye atakaa akijiuliza atatokaje. Ukichanganya hizo mbili unapata mwizi asiyejua kuiba vizuri, polisi asiyejua kufukuza, na mali iliyoibwa inayopotea mikononi mwa mwizi mwenyewe.

Mchanganyiko huo una sharti moja, na hapo ndipo penye uzito: ili tucheke, maumivu lazima yawe mepesi. Aliyeibiwa asionekane sana. Awe tajiri, au mjinga, au mbali. Mtazamaji akimwona aliyeibiwa amekaa mlangoni na watoto wake bila chakula, kicheko kinakauka mdomoni.

Nairobi Half Life inalitii sharti hilo kwa muda mrefu. Angalia jinsi inavyotupeleka. Kule mahabusu Mwas analazimishwa kusafisha choo kichafu kiasi ambacho mtazamaji anataka kuziba pua. Ni unyanyasaji mtupu, lakini yeye anaufanya kwa utani, kama mtu aliyepewa nafasi katika mchezo, na sisi tunacheka naye. Baadaye genge linaiba vioo na taa za magari. Nani analilia kioo cha gari la tajiri? Vijana wanafungua kwa mikono myepesi, wanakimbia, tunacheka tena. Halafu Mwas mwenyewe, kijana wetu mwenye uso wa upole, anawashawishi wenzake kwamba vioo havilipi, waanze kuiba magari mazima, maana ana deni la binamu yake. Gari zima lina mtu ndani, na mtu huyo anaweza kukataa kushuka. Kuanzia hapo filamu inabadilika, lakini inabadilika polepole, bila kupiga kengele. Damu inapoanza kumwagika tumeshakuwa upande wa genge kwa muda mrefu.

Haya ndiyo tunayoona kuwa kiini cha filamu hii, na ndiyo sababu tunabishana na wanaosema ni filamu ya kusikitisha yenye vichekesho vilivyotiwa kama chumvi. Kicheko ndicho mlango wake. Mwas aliingizwa katika genge kwa kuchekana na Oti, na sisi tunaingizwa kwa kucheka pamoja na Mwas, hatua kwa hatua, kwa njia ileile. Hakuna mahali ambapo mtu alituuliza, je, unakubali kuwa upande wa wanyang'anyi? Tulikubali tulipochekea choo.

Ndugu fulani watashangaa, lakini njia hii ya kusimulia haikuanzia Nairobi. Katika Injili ya Luka, sura ya 16, Yesu anasimulia habari za msimamizi wa mali aliyeshtakiwa kwamba anatapanya mali ya bwana wake. Anaambiwa atoe hesabu, kazi imekwisha. Kulima hawezi, kuomba anaona haya. Basi anawaita wadeni mmoja mmoja, upesi upesi, na kuwapunguzia deni katika maandishi: wa vipimo 100 vya mafuta aandike 50, wa vipimo 100 vya ngano aandike 80. Ukiisoma kwa sauti mbele ya watu wa sokoni Mutambala, watacheka, maana wanamjua mtu huyo. Ni karani, ni mkuu wa depo, ni yule mwenye daftari la madeni. Na mwisho, badala ya kufungwa, anasifiwa na bwana wake kwa ujanja! Wahubiri wengi hupita mbali na mfano huu kwa sababu hawajui la kufanya na kicheko kilichomo. Wanataka kumtengeneza msimamizi awe mtu mzuri kidogo, au bwana awe na maana nyingine. Tunadhani wangeanza kwa kukubali kwamba ni hadithi ya mwizi anayechekesha, na kwamba msikilizaji alishakuwa upande wake kabla ya kufikiri.

Luka anaongeza jambo ambalo litatusaidia mbele. Mfano uliambiwa wanafunzi, lakini palikuwa na wasikilizaji wengine, Mafarisayo, ambao Luka anasema walipenda fedha, nao waliposikia walimdhihaki. Hadithi ilikuwa moja na ilisikiwa mahali pamoja, lakini kicheko cha wanafunzi na kicheko cha Mafarisayo havikuwa kicheko kimoja.

Tuje kwa wahusika. Katika filamu za aina hii mhusika mara nyingi ni kinyago tu: mnene anayekula sana, mwembamba mwoga, bosi mwenye sigara kubwa. Kinyago hakibadiliki, na kwa sababu hakibadiliki tunaweza kumpiga bila kusikia huruma. Gitonga anatumia vinyago hivyo kwa watu wa pembeni, lakini kwa Mwas amefanya jambo la akili. Amemfanya mtu ambaye kazi yake ni kuvaa vinyago. Mwas anaigiza akiuza filamu, anaigiza akisafisha choo, anaigiza mbele ya wezi ili asionekane mgeni, anaigiza mbele ya waigizaji wa mjini ili asionekane mshamba. Na jukwaani, mchezo aliopata unamtaka aigize mwizi! Wenzake wa jukwaani wanapaswa kujifunza jinsi mwizi anavyotembea. Yeye anajua tayari, na hawezi kuwaambia amejifunzia wapi.

Kijana anayebadilisha uso kulingana na aliye mbele yake hatuhitaji kumtafuta Nairobi. Kwenye vizuizi vya barabara ya Uvira kwenda Baraka, mahali pamoja unasimamishwa na askari, mbele kidogo na watu wengine wenye silaha, na abiria wote wanajua kubadilisha sauti, kicheko na hata lugha kutoka kizuizi hadi kizuizi. Hapa unasema Kibembe, pale Kifulero, kule Kiswahili cha upole na noti iliyokunjwa. Watu wetu ni waigizaji wazuri, kwa lazima. Kwa hiyo vijana wa kwetu hawamwoni Mwas kama mtu wa ajabu. Tumeiangalia filamu hii pamoja na vijana zaidi ya mara moja, na kila mara wanamjua upesi kuliko tulivyotegemea.

Oti ni mgumu zaidi. Olwenya Maina alimwigiza kwa uzito mkubwa, mtu wa maneno machache, mkali, lakini mwaminifu kwa wenzake kuliko mtu yeyote mwingine katika filamu. Hapo pana hatari ya kweli, na hatutaki kuificha. Katika hadithi nzima, anayempokea Mwas bila kumwuliza pesa ni mwizi. Mwigizaji wa mjini alitaka pesa. Binamu anataka deni lake. Polisi wanataka mgao wao. Oti peke yake anampa mahali pa kulala. Mzazi anayesema filamu hii inawapamba wezi ana sababu. Jibu letu ni kwamba filamu inaonyesha kwa nini genge linapendeza, na kijana aliyewahi kukaa bila kazi, bila shule, bila mtu wa kumwita kwa jina lake, analijua hilo kabla hajaingia kwenye chumba cha video. Kumficha Oti hakutaondoa hamu hiyo. Afadhali aonekane mzima, na mwisho wake uonekane pia.

Amina naye yupo, msichana anayeuza mwili wake, aliye kati ya Oti na Mwas. Filamu inampa uso mzuri na huzuni nzuri, lakini haimpi ndoto ya kwake. Tunaona huo ni udhaifu wa filamu. Wanaume wanne au watano wana hadithi, yeye ana nafasi katika hadithi yao.

Kuhusu polisi tunataka kukaa kidogo. Katika vichekesho vya uhalifu, polisi ni mnene, analala, anakula rushwa, na watu wote wanacheka. Nairobi Half Life inaanza na polisi wa namna hiyo, lakini mwishoni wenzake Mwas wanauawa mikononi mwa polisi haohao, bila hakimu, bila kesi. Mtazamaji wa mbali anaweza kushtuka: huyu si ndiye tuliyekuwa tukimcheka? Mtazamaji wa Baraka hashtuki namna hiyo. Huyu ni mtu wa mji ambao, mwezi wa Februari 2011, uliona mahakama ya kijeshi inayotembea ikikaa hapa kusikiliza kesi ya wanajeshi walioshtakiwa kwa ubakaji wa wanawake wengi mjini Fizi, tarehe 1 Januari ya mwaka huo. Kamanda wao, luteni kanali, alihukumiwa miaka 20, na wengine pamoja naye walipata vifungo. Wanawake walisema mbele ya mahakama yale waliyotendewa. Baada ya kuona hayo, mtu anapoangalia filamu yenye askari wa kuchekesha, kicheko chake kinatoka mahali pengine. Pengine anacheka kwa sababu kwenye skrini anaruhusiwa, na barabarani haruhusiwi. Pengine hacheki kabisa, na jirani yake anamwuliza kwa nini.

Hapo tumeshaingia katika jambo la tatu, watazamaji. Filamu hii ilitengenezwa kwa ajili ya nani? Jibu la kwanza ni watu wa Nairobi, maana utani mwingi unategemea tofauti za mji huo: Kiingereza cha Mwas chenye ladha ya Kikuyu, aibu yake mbele ya watu wa jukwaani waliosoma, majina ya mitaa. Jibu la pili ni watu wa matamasha ya nje, kwa sababu ilitengenezwa kwa ushirikiano na One Fine Day Films, kampuni ya mwongozaji wa Kijerumani Tom Tykwer, na watu hao walihitaji maandishi chini ya picha. Sisi wa Fizi ni watazamaji wa tatu, ambao hakuna aliyewafikiria.

Na watazamaji wa kwetu si wa namna moja. Wengi walikulia Tanzania. Kambi ya Nyarugusu imepokea watu wetu tangu 1996, na kuanzia mwishoni mwa 2005 boti zilianza kuwarudisha kutoka Kigoma hadi Baraka. Mtu aliyesoma shule kambini anasikia Kiswahili cha filamu bila shida, ingawa Sheng inampita. Mama aliyebaki milimani au Ubwari anahitaji mtu wa kumnong'oneza. Tumeona mara nyingi chumba kinacheka mara mbili: kwanza wale waliosikia, halafu, baada ya mnong'ono, wale walioelezwa. Kicheko cha pili mara nyingi ndicho kikubwa. Sijui, wanasema mama zetu, lakini imechekesha.

Mnong'ono huo una wakubwa zake. Katika Afrika ya Mashariki kuna kazi nzima ya watu wanaosimulia filamu za kigeni kwa lugha ya wenyeji, sauti yao ikiwa juu ya sauti ya filamu. Tanzania ilimjua sana Lufufu. Uganda ina wengi wanaoitwa VJ. Msimuliaji hatafsiri tu. Anaongeza utani, anawapa Wachina majina ya mitaa ya Dar es Salaam, anamtukana adui, anamwonya shujaa. Filamu ya kusikitisha ikipita kinywani mwake inaweza kutoka upande wa pili ikiwa kichekesho. Ndiyo kusema aina ya filamu haikai ndani ya filamu peke yake. Inakaa pia katika mdomo wa anayeisimulia na masikio ya waliokaa kwenye benchi.

Mfano mzuri kuliko wote ni Who Killed Captain Alex?, filamu ya mwaka 2010 iliyotengenezwa na Isaac Nabwana katika mtaa wa Wakaliga, Kampala, kwa pesa kidogo sana, na bunduki zilizoundwa kwa vyuma chakavu. Makomando wanapigana na genge la biashara haramu, helikopta zinalipua majengo, na sauti ya VJ Emmie inapita juu ya yote ikicheka na kusifu filamu yenyewe. Jina linauliza nani alimwua Kapteni Alex. Filamu inakwisha bila kujibu! Watu ulimwenguni wameicheka sana kwa jambo hilo. Nasi tulicheka. Lakini katika teritware ambamo watu wengi wamezikwa na hakuna aliyewahi kuambiwa nani aliwaua, utani huo una kisu ndani yake. Hatusemi Nabwana hajui. Waganda wa umri wake walikuwa watoto wakati wa vita vya nchi yao miaka ya 1980, na huenda ndiyo sababu walichagua kucheka kwa sauti kubwa hivyo. Tunasema tu kwamba utani huohuo ukivuka ziwa unabadilika uzito.

Mtu atauliza: na sisi Wakongo, hatuna zetu? Tunazo, na mmoja wa wakubwa wa kazi hiyo ni mtoto wa jimbo letu. Ngangura Mweze alizaliwa Bukavu mwaka 1950. Filamu yake ya Pièces d'identités, ya mwaka 1998, ilipata tuzo kubwa ya tamasha la FESPACO kule Ouagadougou mwaka 1999. Ni habari za mfalme mzee, Mani Kongo, anayekwenda Brussels kumtafuta binti yake, na huko anakutana na wajanja, wanyang'anyi wadogo na polisi wenye dharau. Tunacheka, lakini kwa tahadhari, kwa sababu anayeingizwa katika aibu ni mzee mwenye kofia na vitu vya heshima yake. Kwetu mtu hamcheki mwami. Ngangura anajua hilo vizuri. Anaacha mjini wacheke, na mtazamaji Mkongo anabaki akiwaangalia wanaocheka kuliko anayechekwa. Vitu vile vya kifalme ndivyo vitambulisho vyake vya kweli, na wenye kudai karatasi hawawezi kuvisoma. Pale Gitonga anatuvuta tucheke pamoja na wezi, Ngangura anatufanya tuone haya kucheka pamoja na wenye nguvu. Kwa bahati mbaya ni rahisi zaidi kuipata filamu ya Kihindi au ya Kichina kwenye kadi memori ya Baraka kuliko filamu ya mtu wa Bukavu.

Viongozi wa vijana wanaotaka kuangalia Nairobi Half Life na kundi lao tunawashauri hivi. Waanze na watu wazima na vijana wakubwa, na kiongozi aiangalie kwanza peke yake hadi mwisho. Wasihubiri kabla ya filamu. Mtu aliyeambiwa mapema acheke wapi na alie wapi hawezi kujifunza kitu juu ya kicheko chake. Wasimamishe picha mara chache tu. Mara ya kwanza baada ya choo cha mahabusu: tumecheka nini hapa, na Mwas angeweza kufanya nini kingine? Mara ya pili pale anapotoa wazo la magari mazima. Hapo swali letu huwa rahisi: kati ya vioo na magari, ni wapi ungemwambia rafiki yako, mimi naishia hapa? Majibu hayalingani. Wengine wanasema pale pale kwenye mlango wa mahabusu. Wengine wanasema hakuna mahali, kwa sababu deni la binamu lilikuwa kweli na binamu angeua. Tuwaache wabishane. Katika kundi la vijana 20 wa Fizi karibu kila mara yupo mmoja anayenyamaza kwa sababu swali hilo aliwahi kuulizwa akiwa msituni, na asilazimishwe kusema.

Mwisho wa filamu Mwas anatoka kwenye damu ya wenzake na kwenda jukwaani, kwa sababu mchezo ulikuwa umepangwa jioni ile. Anaigiza mwizi mbele ya watu waliolipa viti, nao hawajui kilichompata. Kisha anawaelekea na kuwauliza juu ya mambo wanayochagua kuyaona na yale wanayochagua kutoyaona. Ndani ya filamu wanaoulizwa ni matajiri wa Nairobi. Ndani ya chumba chetu, kwenye mabenchi ya kanisa, na jenereta ikinguruma nje, hatuna uhakika kwamba tunaulizwa na Mwas. Huenda tunauliza pamoja naye. Tunazima hapo na kuwaacha watu waongee. Mara nyingi wa kwanza kusema huwa msichana, na swali lake si la Mwas wala la Oti. Anauliza kama kuna mtu yeyote katika filamu yote aliyemwuliza Amina alitaka kuwa nani.